Shangazi, mume wangu ni mtulivu au ni mvivu?

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu ni msimamizi wa seva na mifumo ya kompyuta katika chuo kimoja hapa Morogoro. Ni mpole, hana papara hata chembe. Kazini anakwenda na kandambili, na saa nne asubuhi ukipita utamkuta chini ya mwembe anacheza bao na walinzi. Bosi wake ameshamuuliza mbele za watu analipwa kwa kazi gani. Nyumbani ana kompyuta kuukuu tatu nyuma ya kochi, zinavuma usiku kucha na Luku inakatika kabla ya mwezi kuisha. Simu yake ikilia saa nane za usiku anaamka, anabonyezabonyeza dakika kumi, analala tena. Kaka zangu wanamwita goigoi. Mkataba wake unaisha Desemba na yeye wala hana habari. Nimfanyeje?*
*Mama wa Wawili, Morogoro*

Marahaba mwanangu.

Kazi ya mumeo ina kituko chake: ikifanywa vizuri haionekani. Fundi bomba ukimwona kwako kila siku anakimbia na spana, humsifu kwa bidii, unajua bomba limeoza. Seva nazo ni hivyohivyo. Yule anayepita korido nzima jasho linamtoka na nyaya shingoni, mara nyingi anazima moto aliouwasha mwenyewe wiki iliyopita.

Ila utulivu uko wa aina mbili, na kwa macho hazitofautiani. Yuko aliyetulia kwa sababu kazi za kujirudia amezikabidhi kwa mashine, na yuko aliyetulia kwa sababu hajui kinachomjia. Wote wawili utawakuta kwenye bao.

Kuwatofautisha, usiulize kama ana kazi nyingi. Mkiwa mnakunywa chai muulize hivi: "Baba, mara ya mwisho umerudisha data kutoka kwenye bekapu lini?" Usiulize kama bekapu, yaani nakala za akiba, zipo, maana kila mtu atakwambia zipo. Uliza amerudisha lini. Akijibu, "Alhamisi iliyopita, nilichukua kanzidata ya matokeo ya wanafunzi nikaiwasha kwenye mashine ya pembeni, dakika arobaini ikawa tayari," mwache acheze bao lake. Akianza kukuna kichwa, kaka zako wana hoja, ingawa wenyewe hawaijui.

Nasisitiza hapo kwa sababu bekapu hufa kimyakimya. Skripti, yaani maagizo yanayojiendesha yenyewe kwenye kompyuta, inaamka saa saba za usiku kama ilivyopangwa, lakini nywila ya kanzidata ilibadilishwa miezi miwili nyuma na skripti haikuambiwa. Basi kila usiku inaandika faili lenye jina zuri na tarehe sahihi, ndani hamna kitu. Ukifungua folda unaona mafaili yamejipanga kama wanafunzi mstarini. Tazama safu ya ukubwa: baiti 20, baiti 20, baiti 20. Hizo ndizo baiti za faili tupu lililobanwa kwa programu ya gzip. Msimamizi makini huiagiza skripti impigie kelele faili likiwa dogo kuliko la jana, halafu bado anajaribu kurudisha kwa mkono walau mara moja kwa mwezi.

Na asikudanganye kwamba diski mbili zinazoigana ndani ya seva ni bekapu. Ukifuta kitu kwenye moja, ya pili inafuta papo hapo. Zinakuokoa diski ikifa, hazikuokoi mkono ukikosea. Diski ya nje iliyochomekwa mwaka mzima nayo haina maana kubwa, kwa kuwa siku virusi vya kufunga mafaili na kudai fedha vikiingia, vinafunga na hiyo. Kanuni ya wenye kazi yao ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Kwa chuo cha kawaida, diski mbili za nje za terabaiti 2 zinazopokezana kila wiki zinaweza kutosha: moja kazini, nyingine kwenye kabati la chuma mahali pengine, na zote zimefungwa kwa nywila maana ndani mna alama na ada za watu.

Sasa hiyo simu ya saa nane. Dakika kumi na kulala tena ni dalili njema, mradi tatizo lisiwe lilelile. Muulize ilikuwa nini. Kama wiki tatu mfululizo ni diski imejaa, anafuta logi (mafaili ambamo mfumo huandika kila unachofanya), analala, hapo uvivu umeingia. Logi huzungushwa zenyewe: kila siku faili jipya, la zamani linabanwa, zinabaki za siku 14. Ni kazi ya nusu saa, inafanywa mara moja. (Kuna mtego hapo unaowafedhehesha wengi: ukifuta logi ambayo programu bado imeishikilia, nafasi hairudi mpaka programu hiyo iwashwe upya. Mtu anafuta gigabaiti 30 na diski inabaki imejaa vilevile.) Na ukisikia anakataa kubadilisha chochote kwenye mfumo Ijumaa alasiri, usimwite mvivu. Kikiharibika saa kumi jioni, atakitengeneza Jumamosi na Jumapili akiwa peke yake.

Kwa ulivyoniandikia, tatizo la mumeo ni mdomo mzito. Bosi haoni seva, anaona kandambili. Kwa hiyo kuanzia mwezi huu aandike ukurasa mmoja kila mwisho wa mwezi, asisubiri Desemba, na auandike kwa lugha ya bosi. "Nimesasisha kernel" haimsaidii mtu. Aandike kwamba wiki ya usajili mfumo wa ada haukuzimika, kwamba bekapu imejaribiwa tarehe fulani ikarudi, na kwamba kuna vitu vitatu vitakavyoharibika mwaka ujao visiponunuliwa. Betri za UPS, kile kifaa kinachoshikilia umeme wa akiba, lazima ziwemo. Zile za madini ya risasi huishi kati ya miaka 3 na 5 chumba kikiwa na nyuzi 25. Kwenye chumba cha nyuzi 35 maisha yake hupungua karibu nusu. Umeme ukikatika, UPS yenye betri iliyokufa inazima seva sekunde hiyohiyo, na kanzidata iliyokuwa inaandika inaweza kuharibika. Bosi akiyasoma hayo kabla hayajatokea, hatauliza tena swali lake.

Aandike pia jinsi ya kuwasha kila kitu, kipi kwanza na kipi baadaye, na nywila kuu aziweke kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri ndani ya sefu ya chuo. Wako wanaodhani kuficha nywila kunalinda mkataba. Siku akilazwa kwa malaria siku tatu na mfumo ukagoma, ndipo bosi atakapoanza kutafuta mtu mwingine. Na siku ya kupeleka ukurasa huo avae viatu, tafadhali.

Zimebaki kompyuta za nyuma ya kochi. Usizitupe. Mtu wa kazi hii hujifunza kwa kubomoa na kujenga, na afadhali abomoe kwako kuliko abomoe mfumo wa matokeo. Lakini tupige hesabu. Kompyuta kuukuu ya mezani, hata isipofanya kitu, hula kama wati 70. Tatu ni wati 210. Mara saa 24, mara siku 30, unapata uniti 151 kwa mwezi. Mwambie anunue kompyuta moja ndogo iliyotumika, yenye RAM ya gigabaiti 16, na hizo tatu aziendeshe kama mashine pepe ndani yake, yaani kompyuta za kuigiza zinazoendeshwa na programu. Ikiwa inakula wati 15, mwezi mzima ni uniti 11 hivi. Zile kuukuu auze, ziongezee bei ya hiyo moja.

Mumeo akitaka kuificha ili sebule ipendeze, asiifungie kabatini. Itakosa hewa, itazima kwa joto, na simu italia tena saa nane za usiku.

Shangazi