Kifua cha afisa husomwaje

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: afisa akistaafu na safu nzima ya medali kifuani, tumwite shujaa au mtumishi wa siku nyingi? Nalijibu kwa kutazama Jeshi la Uingereza, kwa kuwa ndilo lililowavisha sare babu zetu wengi. Safu ile kwanza inakwambia alikopelekwa. Nishani za ushujaa, kama anazo, hukaa karibu na katikati ya kifua. Zinafuata za vita alivyoshiriki, kwa mpangilio wa tarehe, kisha za sherehe za wafalme, na za mataifa ya kigeni hufunga safu.

Na huo utumishi wa siku nyingi? Hapo ndipo ninapocheka. Medali ya utumishi mrefu na mwenendo mwema ipo jeshini humo tangu 1830, lakini ilikuwa ya askari wa kawaida. Maafisa walifunguliwa mlango mwaka 2016. Mimi nausoma utaratibu huo hivi: mwenendo wa kabwela ulitakiwa kuthibitishwa, wa muungwana haukuulizwa.

Chukueni mfano wa Adrian Carton de Wiart. Alijiunga 1899 wakati wa Vita vya Makaburu, akaondoka moja kwa moja 1947 akiwa na cheo cha luteni jenerali, ingawa katikati aliacha jeshi akaishi Poland miaka mingi. Jicho la kushoto alilipoteza Somalia, Shimber Berris, mwaka 1914, na mkono wa kushoto Ubelgiji mwaka uliofuata. Mwaka 1916, huko La Boisselle, Ufaransa, makamanda wenzake watatu walipoanguka alivishika vikosi vyao pamoja na chake, akapewa Msalaba wa Victoria, VC, nishani ya juu kuliko zote. Alipoandika kitabu cha maisha yake hakuutaja msalaba huo hata mara moja. Mtu wa namna hiyo ukimsoma kwa medali utamjua nusu.

Vita vya Shimber Berris vilikuwa na kibao chake cha fedha, kilichobanwa kwenye utepe wa Medali ya Afrika iliyoanzishwa 1902: utepe wa manjano, kingo nyeusi, mistari miwili ya kijani. Medali ni hiyo hiyo, kila vita kibao chake, na kibao cha mwisho kimeandikwa "Kenya", kwa waliopigana na Mau Mau kati ya 1952 na 1956. Wapiganaji walipewa ya fedha. Wapagazi wachache waliokumbukwa walipewa ya shaba. (VC yenyewe nayo ni ya shaba, kwa hiyo thamani haikuwa kwenye madini.)

Lakini ninachotaka wasomaji wenzangu wakitazame zaidi ni maelezo rasmi yanayoambatana na nishani. Kapteni Eric Wilson alikuwa na Wasomali wa Kikosi cha Ngamia katika mlango wa milima wa Tug Argan, Agosti 1940, Waitaliano walipoivamia Somalia ya Waingereza. Bombomu zake ziliangushwa na mizinga, akajeruhiwa bega na jicho, akazisimamisha tena. Aliendelea kufyatua hadi tarehe 15, huku malaria imempanda. Tangazo la VC yake lilisema alipigana mpaka akauawa. Kumbe alikuwa hai, mfungwa wa Waitaliano huko Eritrea! Baadaye alikwenda Burma na Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), akastaafu jeshi 1949 akiwa luteni kanali, kisha akawa mtumishi wa serikali Tanganyika hadi 1961. Alifariki 2008 akiwa na miaka 96.

Tangazo hilo hilo linasema sajini wake Msomali aliuawa kando yake. Hilo ndilo neno zima juu ya sajini. Jina halikuandikwa. Aliyekuwa hai alitajwa kwa jina na cheo kwamba amekufa, na aliyekufa kweli akabaki "sajini wake". Nishani huanzia kwenye ripoti ya mkubwa, na mkubwa huandika anayemjua.

Kwa hiyo sishangai kwamba hakuna askari Mwafrika wa Keya aliyewahi kupata VC. Sajini Nigel Leakey aliyeipata kwa tendo la 1941 nchini Ethiopia alikuwa mzungu wa Kenya. Hata kati ya Waingereza wenyewe cheo kiliingilia ushujaa: hadi 1993 afisa alipewa Msalaba wa Kijeshi pale ambapo askari wake, kwa tendo la kufanana, alipewa Medali ya Kijeshi, iliyokuwa chini yake.

Ndiyo maana nasema tusimwite afisa shujaa wala mtumishi kabla ya kusoma karatasi zake, na za waliokuwa pamoja naye. Wenye medali za babu nyumbani wana kazi nyepesi kidogo ikiwa ni za vita vya kwanza, kwani jina na namba ya askari vimechongwa ukingoni. Nyota za vita vya pili, ikiwemo ile ya Burma, Uingereza ilizitoa bila jina, kwa afisa na askari sawasawa. Hizo zihifadhini pamoja na cheti cha kuachishwa jeshi, maana bila hicho hakuna atakayejua zilikuwa za nani.

Msomaji wenu,
Morogoro