Jibu: Makazi ya ndani kwa kobe wawili wa Horsfield

Ndugu, umeuliza kama tangi la kioo ulilokuwa ukifugia samaki litawafaa kobe wako wawili wa Horsfield wakati wa baridi ya huko Ujerumani. Kwa maoni yangu halifai, kwa sababu kobe haelewi kioo na atashinda akikisukuma, na hewa nayo hutuama humo. Tengeneza sanduku pana la mbao lililo wazi juu, ulitandike nailoni ndani, lenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1 kama chumba kinaruhusu.

Jambo la msingi kuliko mapambo yote ni udongo. Kobe hawa wa nyika kavu za Asia ya Kati huchimba mashimo ili kukwepa joto na baridi, hivyo changanya udongo usio na mbolea na mchanga, ujaze kina cha sentimita 20 au zaidi, kisha uunyunyizie maji hadi ukiufinya kiganjani ushikamane bila kuchuruzika. Upande mmoja weka jiwe bapa chini ya taa ya joto, pafikie nyuzi joto 35 hivi, na upande wa pili pabaki karibu na 20. Taa ya UVB, yaani inayotoa mionzi ya urujuanimno kama ile ya jua, ni ya lazima, nayo isimulike kupitia kioo, kwani kioo huzuia mionzi hiyo.

Maji yawe katika sahani ya kina kifupi. Ikiwa wote ni madume, jenga masanduku mawili tangu mwanzo. Watang'atana tu, hata uwapandie vichaka vingapi vya kujificha.