Re: Limfositi zipo, mbona mabaka ya Peyer hayapo?

Umeuliza kwa nini panya asiye na kipokezi cha limfotoksini beta hana mabaka ya Peyer (vishada vya tishu za kinga kwenye ukuta wa utumbo mdogo), ilhali limfositi, yaani seli nyeupe za kinga, anazo. Limfotoksini ni protini ya ishara, na kipokezi ndicho kinachoipokea kwenye seli. Tatizo haliko kwenye limfositi, liko kwenye stroma, yaani seli za kiunzi zinazozishikilia.

Katika kijusi cha panya, kuanzia takribani siku ya 15 ya mimba, seli chochezi (zinazoanzisha uundaji wa tishu za kinga) zenye limfotoksini hukutana na seli za stroma kwenye ukuta wa utumbo mdogo. Kipokezi kilicho kwenye stroma kikiguswa, stroma huanza kutoa kemokini (protini zinazovuta seli) CXCL13, CCL19 na CCL21, na kuotesha VCAM-1, protini ya kunatisha seli, juu yake. Kemokini huita seli nyingine, VCAM-1 huzinasa zisipite. Zinazonaswa nazo huleta limfotoksini zaidi, kwa hiyo kishada hukua chenyewe. Bila kipokezi, mzunguko huo hauanzi kabisa. Ndiyo maana kumpandikizia panya huyo uboho mzima akiwa mkubwa hakurudishi mabaka: wageni wapo, mwenyeji hasikii.

Kazi haiishii hapo. CXCL13 hukusanya seli B (aina ya limfositi) kwenye folikuli, yaani vifundo vyao, CCL19 na CCL21 huweka seli T (aina nyingine) pembeni, na stroma iliyo chini ya epitheliamu (utando wa ndani wa utumbo) hutoa RANKL, protini ya ishara inayozalisha seli M, zinazopitisha vijidudu kutoka utumboni hadi kwenye baka.

Ukitaka kuzitenga seli za stroma, ondoa epitheliamu kwanza kwa EDTA (kemikali inayolegeza seli), kisha tumia kolajinesi, kimeng'enya kinachoyeyusha kiunzi. Tripsini, kimeng'enya kingine, iache, hukata alama za juu ya seli. Chagua zisizo na CD45 (alama ya seli za damu), EpCAM (ya epitheliamu) wala CD31 (ya mishipa) lakini zenye podoplanini, alama ya stroma.