Anakoroma, na viatu havimtoshi tena

SWALI: Mume wangu ni dereva wa lori. Anakoroma hadi majirani wanasikia, kisha kimya, halafu anashtuka akigombania hewa. Viatu vyake vilikuwa namba 42, sasa ni 45. Pete ya ndoa ilibidi ikatwe. Madaktari wameona uvimbe kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, wanasema ni akromegali, yaani uvimbe huo unamwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi, nasi tumepewa rufaa kwenda Dar es Salaam. Akipasuliwa, kukoroma kutaisha? – Mama Wawili, Ujiji

JIBU: Huenda kukapungua sana, Mama Wawili, lakini kuisha kabisa hatuwezi kukuahidi. Homoni ya ukuaji ikizidi, ulimi hunenepa, kaakaa laini na kuta za koo huvimba, taya la chini hurefuka. Akilala misuli hulegea na ulimi huangukia nyuma, njia ya hewa ikaziba. Upasuaji ukifaulu, au akichomwa sindano ya okitreotidi, dawa ya kupunguza homoni hiyo, ya kila wiki 4, nyama hizo hunywea. Mfupa haurudi ulivyokuwa. Ndiyo maana wapo ambao kipimo cha damu cha IGF-1, kinachoonyesha kama homoni ya ukuaji imezidi, kimeshakaa sawa na bado pumzi zinakatika usiku.

Basi apimwe usingizi sasa, asingoje upasuaji. Pumzi kukatika au kupungua mara 5 hadi 14 kwa saa ni hali hafifu, 15 hadi 29 ya kati, 30 na kuendelea kali. Tiba kuu ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo libaki wazi. Akishatibiwa uvimbe, arudie kipimo baada ya miezi michache. Asiiache mashine kwa sababu tu mkoromo umepoa. Na kwa sasa lori alipumzishe: anayesinzia mchana hafai kushika usukani.

Daktari wa nusukaputi aambiwe mapema kuhusu kukoroma huku, kwani ulimi mkubwa hufanya mpira wa kupumulia uwe mgumu kuingia. Upasuaji ukipitia puani, CPAP husimamishwa hadi daktari wa upasuaji aruhusu, maana hewa ya mashine inaweza kupenya kidonda na kuingia ndani ya fuvu. Usiku wa baada ya upasuaji alale kichwa kikiwa juu, oksijeni yake ikifuatiliwa, na dawa za usingizi zisiguswe bila daktari.

SWALI: Nina akromegali na natumia CPAP. Barakoa inavuja, na umeme ukikatika nakosa usingizi. – Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Usikaze mikanda kwanza, ikizidi kukazwa, mpira wa barakoa hujikunja na kuvuja zaidi. Ilegeze, lala chali, washa mashine, ndipo uirekebishe. Ikishindikana, pima saizi upya, kwani huenda pua na taya vimekua tangu uinunue.

Umeme ukikatika, tumia betri na uzime kipasha maji cha mashine (kinachotia hewa unyevu), ndicho kinachokula umeme mwingi. Mashine nyingi bila hicho hutosheka kwa betri ya sola ya volti 12 usiku kucha. Ila soma kibandiko cha nyuma: nyingi zinataka volti 24, na hizo huhitaji kigeuzi chake maalumu cha kupandisha volti 12 za betri hadi 24, si waya wa kuungaunga.