Rekodi ipi ya Haydn ununue?

Ndugu yangu wa Area C, Dodoma, umesema rekodi za kwateti (tungo za vyombo vinne vya nyuzi: fidla mbili, viola na selo) za Haydn, mtunzi wa Austria wa karne ya 18, ni nyingi na bando linaishia kwenye kuonja vipande. Pole. Onja kipande kimoja tu: Opasi 76 (namba ya mkusanyiko wa tungo zake) namba 3, sehemu ya pili. Fidla ya kwanza inaupokeza wimbo kwa ya pili, kisha selo (chombo kikubwa cha sauti nzito), kisha viola (kubwa kidogo kuliko fidla, sauti yake nzito zaidi). Mimi hapa Kikuyu husubiri upepo utulie usiku, nikasikiliza zamu ya viola. Sauti ya viola ikifunikwa na fidla, rekodi hiyo naiacha. Rekodi ya Takács Quartet, kundi la wapigaji wanne, naipenda sana. Za kabla ya 1950 nyingi zina mikwaruzo, usizianzie. Ukipata CD ya mtumba, igeuze kwenye mwanga uone kama ina mikwaruzo kabla hujalipa. Kama unajifunza kupiga, mwulize kwanza mwalimu wako rekodi ipi ikufae.