WASOMAJI WANAULIZA: Nyumba ya Kupanga Dodoma kwa Familia Isiyo na Gari

SWALI

Mshauri, nakusalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja yuko darasa la pili na mwingine darasa la tano. Mume wangu ni mtumishi wa umma, na tangu mwezi wa tatu amehamishiwa Dodoma, ofisi yake ikiwa Mji wa Serikali, Mtumba. Mimi na watoto bado tuko Morogoro, na tunatarajia kumfuata shule zitakapofungwa mwezi Desemba. Hatuna gari wala hatutarajii kuwa nalo hivi karibuni. Hapa tulipo watoto huenda shule kwa miguu, soko liko jirani, na nikiishiwa chumvi jioni sihitaji kumwita bodaboda. Maisha hayo sitaki kuyapoteza.

Madalali wamekwisha kumzungusha mume wangu Ihumwa, Nzuguni, Kisasa na Area C, na kila mmoja anaisifia nyumba yake. Ya Ihumwa ndiyo ya bei nafuu kuliko zote na iko karibu na kazini kwake. Ya Area C ni ndogo na kodi yake ni kubwa. Wenye nyumba wote wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo tukikosea hatutaweza kuhama upesi. Tuangalie nini kabla ya kulipa?

Mama wa watoto wawili, Morogoro

JIBU

Dada yangu, Dodoma unaweza kuishi vizuri bila gari, lakini si kila mahali, na hata ndani ya mtaa mmoja si kila nyumba itakufaa. Naomba kwanza tutenganishe safari mbili ambazo naona mumeo amezichanganya. Iko safari yake ya kwenda kazini, ambayo ni moja asubuhi na moja jioni. Kisha ziko safari zenu nyinyi mnaobaki: shule kwa watoto wawili, soko, duka, zahanati, ibada, saluni, kwa fundi cherehani, na nyingine ndogondogo ambazo hakuna anayezihesabu mpaka zianze kumla fedha. Mji wa Serikali uko takriban kilomita 17 mashariki ya katikati ya jiji, na popote mtakapopanga kati ya hapo mlipotaja, mumeo atapanda gari tu. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba nyumba ichaguliwe kwa safari ndogo za familia, na safari ya mumeo iwekewe masharti mawili tu: awe anapanda gari moja bila kubadilisha njiani, na kituo kifikike kwa miguu.

Inafaa ujue kwa nini mitaa ya jiji hili inatofautiana kiasi hicho. Dodoma ilipoamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, mpango wake mkuu, ambao ulikamilika mwaka 1976 na kuchorwa na kampuni ya Toronto, Canada, ulikusudia mji wa watu waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa basi, huku shule na maduka yakiwa karibu na makazi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA iliyovunjwa mwaka 2017, iliujenga mji kwa mwendo wa pole kwa miongo mingi. Kisha Julai 2016 serikali ikatangaza kwamba sasa inahamia kwa vitendo, na watu wakamiminika. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179 katika Jiji. Nyumba za kupanga zilijengwa kwa kasi ambayo shule, masoko na mabomba ya maji hayakuweza kuifuata. Ndiyo maana pembezoni unaweza kuona nyumba nzuri yenye malumaru, fensi na geti la chuma, lakini kiwanja kilichotengwa kwa soko bado kina vichaka na miti ya miiba.

Sasa tuitazame mitaa yenyewe. Area C, pamoja na mitaa ya zamani kama Makole na Majengo, iko karibu na mji, na hapo mahitaji mengi utayapata kwa miguu. Unacholipia katika kodi ile kubwa ni ukaribu huo, si ukubwa wa vyumba. Kisasa na Nzuguni ziko upande wa barabara kuu iendayo Dar es Salaam, ambayo ndiyo njia ya kwenda Mtumba, kwa hiyo mumeo hatalazimika kuingia mjini kwanza ili atoke tena. Nzuguni ina faida nyingine kubwa, nayo ni kwamba stendi kuu ya mabasi na Soko la Job Ndugai viko huko. Lakini Nzuguni ni pana mno, na nyumba iliyo ndani kabisa inaweza kuwa mbali na soko hilo kuliko unavyodhani ukisikia jina tu. Ihumwa iko karibu zaidi na Mtumba, na hilo ndilo linalomvutia mumeo, nami namwelewa. Tatizo ni kwamba akishapunguza nusu saa ya safari yake, wewe na watoto mnaweza kuongezewa zaidi ya hiyo, kila siku, juani.

Fanyeni hesabu kwa kalamu. Kwa mfano tu, tuseme nyumba ya kwanza ina kodi ya shilingi 150,000 kwa mwezi na shule ni mwendo wa dakika kumi na tano. Ya pili ni shilingi 100,000, lakini watoto wanahitaji bodaboda ya shilingi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Kwa siku 22 za shule hizo ni shilingi 66,000, na nyumba ya bei nafuu imefikia 166,000 kabla hujaenda sokoni hata mara moja. Na watoto wawili wanaopakiwa pikipiki moja kila asubuhi ni jambo ambalo mimi, kwa upande wangu, nisingelikubali hata likiwa la bure.

Baada ya hesabu ije miguu. Usikubali neno la dalali kwamba shule iko "hapo tu", maana yeye hupima kwa pikipiki. Mtu mzima hutembea karibu kilomita tano kwa saa, na mtoto wa darasa la pili mwenye begi mgongoni ni chini ya hapo. Kwa hiyo kilomita moja ndiyo kipimo ambacho ningekiwekea shule yake. Mumeo aende siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, asimame kwenye geti la nyumba anayoonyeshwa, kisha awafuate watoto wanaokwenda shule. Watampitisha njia yao halisi, na hapo ataona mambo mawili ambayo mchana hayaonekani.

La kwanza ni barabara kuu. Ikiwa nyumba iko upande mmoja wa barabara ya Dar es Salaam na shule iko upande wa pili, watoto wako watavuka mbele ya malori na mabasi mara mbili kila siku. Ulizeni wanavukia wapi, na kama kuna mtu anayewavusha. Mimi ningechagua nyumba ya kawaida iliyo upande mmoja na shule kuliko nzuri iliyo ng'ambo.

La pili ni korongo, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini, kwa sababu nyinyi mnatafuta nyumba wakati wa kiangazi na mtahamia mvua zinapoanza. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili kwa kawaida. Miezi mingine yote korongo ni njia kavu ya mchanga, laini na fupi, na kila mtu hupita humo. Mvua kubwa ikinyesha, hata ikinyesha mbali na hapo, maji hushuka kwa nguvu katika njia ileile na kuwatenganisha watu wa mtaa mmoja kwa saa kadhaa. Mwambie mumeo atazame kuta za nyumba zilizo jirani na korongo. Alama ya maji haifichiki: ni mstari wa udongo mwekundu uliokauka ukutani, juu yake rangi ya ukuta ikiwa safi na chini yake ikiwa imebanduka. Akikuta magunia ya mchanga yamepangwa nyuma ya fensi, asiulize zaidi.

Niliwahi kuandamana na binti wa dada yangu alipokuwa akitafuta chumba na sebule nje kidogo ya mji. Dalali alitusifia nyumba kwa vyumba vyake, feni zake, na bomba la ndani na la nje. Nikafungua bomba la nje, likatoa pumzi ndefu kama mtu anayepuliza chai, kisha tone moja la kutu. Mama mmoja jirani, aliyekuwa amepanga madumu yake ya njano ukutani tangu geti hadi mlango wa jiko, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba maji hutoka usiku wa Jumanne na Ijumaa, tena kwa wanaokesha. Yule mama alitufaa kuliko dalali. Tangu siku hiyo huwa nashauri watu wafungue bomba kabla ya kuangalia chumba, waonje maji yenyewe, kwa sababu maeneo mengi ya hapa maji ya kisima yana chumvi, na waulize kama simtanki lililoko juu ni la wapangaji wote au la mwenye nyumba peke yake. Familia ya watu wanne isiyo na gari haiwezi kubeba maji kutoka mbali. Toroli la maji nalo lina gharama yake, na mnapaswa kuiingiza katika ile hesabu.

Kuhusu kodi ya miezi sita, huo ndio utaratibu mtakaoukuta karibu kila mahali, ingawa wapo wenye nyumba wanaokubali mitatu wakiombwa kwa heshima na kuonyeshwa kitambulisho cha kazi. Dalali naye kwa kawaida hutaka malipo yanayolingana na kodi ya mwezi mmoja. Mumeo amuulize mapema, na fedha ya kodi ampe mwenye nyumba mwenyewe, kwa mkataba, mbele ya mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Ofisi hiyo mtaihitaji hata hivyo kwa barua ya utambulisho wakati wa kuwahamisha watoto shule. Katika mkataba waandike kama mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni yenu peke yenu. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi tangu mwaka 2023. Mdaiwa wa kodi hiyo ni mwenye nyumba, ila anayekatwa ni yule anayenunua umeme. Kubalianeni tangu mwanzo kwamba itapunguzwa katika kodi ya pango.

Kama ningekuwa mimi, ningetafuta Nzuguni au Kisasa, ndani ya kilomita moja kutoka shule, upande uleule wa barabara, na ningekubali sebule ndogo. Area C ningeichagua ikiwa fedha inaruhusu. Ihumwa nisingeikataa moja kwa moja, lakini ningetaka kwanza kuiona shule, bomba likitoka maji, na njia ya kati ya shule hiyo na nyumba. Na ikiwezekana, njoo mwenyewe kwa siku mbili kabla ya kulipa, kwa sababu mumeo atakuwa Mtumba mchana kutwa na wewe ndiye utakayeutembea mtaa huo.

SWALI

Nimepanga chumba na sebule Makole kwa mkataba wa mwaka mmoja, nami nimekwisha kulipa yote. Sasa ni mwezi wa tano wa mkataba huo. Barabara ya mtaani imewekwa lami na taa, na mwenye nyumba anasema mtaa umepanda hadhi, hivyo niongeze kodi kuanzia mwezi ujao au nimwachie vyumba vyake. Je, anayo haki hiyo?

Mpangaji, Makole

JIBU

Ndugu yangu, kwa muda uliobaki katika mkataba wako, hapana, isipokuwa mkataba wenyewe uwe na kifungu kinachomruhusu kuongeza. Usome tena neno kwa neno kabla ya kumjibu. Kodi mliyokubaliana ndiyo kodi ya mwaka huo, na lami haibadilishi makubaliano yenu. Mwaka ukiisha, hata hivyo, anaweza kudai kiasi kipya, kwa sababu sheria ya zamani iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005 na hakuna chombo kinachompangia bei. Kwa hiyo anza mapema kuzungumza naye kuhusu mwaka ujao, na lolote mtakalokubaliana liandikwe.

Akikutishia kukutolea vitu nje, nenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa ukiwa na mkataba na risiti. Ikishindikana, Baraza la Ardhi la Kata hupatanisha, na asipopatana nawe shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kumtoa mpangaji kwa nguvu bila amri ya chombo chenye mamlaka si njia halali. Mkataba na risiti uvitolee nakala leo, na nakala hizo uziweke kwa mtu unayemwamini, nje ya nyumba hiyo.