Maswali na Majibu: Bega Lako Lina Haraka ya Nini?

Swali la kwanza limeletwa na watu tisa, kila mmoja kwa maneno yake. Nalijibu mara moja, liniondokee. Majibu yote ni ya wanaopiga gofu kwa mkono wa kulia, mashoto, geuzeni.

Kocha, kila nikipiga dreva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, mpira unapinda kulia. Ninunue dreva nyingine? (Ntinda, Kampala)

Usinunue. Hiyo mpya itaupindisha vilevile, tena kwa gharama kubwa zaidi.

Ugonjwa wako unaanzia juu, pale fimbo inapogeuka kushuka. Unauona mpira, tamaa inakushika, na bega la kulia linaruka mbele kama abiria anayegombania kiti Old Taxi Park. Bega likitangulia, fimbo inatupwa nje, kisha inakuja ikiukata mpira kuelekea kushoto. Mpira huanza safari karibu na pale uso wa fimbo, yaani bapa linaloupiga mpira, unapotazama. Kama uso huo uko wazi, yaani umegeukia kulia kuliko njia ambayo fimbo inapita, mpira utapinda kulia, utake usitake. Nawe ukiuona unakwenda kulia, unalenga kushoto zaidi. Basi unazidi kuukata, nao unazidi kupinda.

Fimbo hushushwa kuanzia chini. Uzito uende mguu wa kushoto kwanza, nyonga zifuate, ndipo mabega, mikono, na kichwa cha fimbo kije mwisho. Kwa wachezaji wa kulipwa, kushusha huchukua kama robo sekunde tu. Kuinua huchukua karibu mara tatu ya hapo. Ndani ya robo sekunde hakuna nafasi ya kukumbuka mambo matano uliyoyaona kwenye simu jana usiku. Kumbuka moja: mguu wa kushoto ukanyage kabla bega la kulia halijasogea.

Chukua kasha tupu la mipira, uliweke upande wa mpira ulio mbali nawe, sentimita chache tu, nyuma yake kidogo. Ukiligonga, umetupa fimbo nje. Piga mipira 30 kwa aini 7, fimbo ya chuma iliyo fupi kuliko dreva, nusu ya nguvu, kasha likiwa pale. Ikifika siku unamaliza bila kuligusa, ndipo uitoe dreva kwenye mfuko. Na kabla ya siku hiyo, nakuomba, kwenye shimo lenye barabara upande wa kulia tumia aini. Nje ya uwanja wa gofu wa Kitante, hapo Kampala, kuna bodaboda zenye abiria, na hakuna aliyewaambia kwamba wewe unajifunza.

Ni kweli kichwa kisiinuke kabisa? (Tororo)

Macho yatulie, shingo isikakamae. Mpira ukishaondoka, acha kichwa kigeuke na mwili.

Aini zangu zinachimba udongo kabla ya kufika kwenye mpira. Kedi wangu, anayenibebea mfuko wa fimbo, ananiambia nitie nguvu mikononi. (Mama wa Entebbe)

Mama, hapa kedi amekosea, ingawa namheshimu. Wachezaji wetu wengi wa kulipwa walianza kwa kubeba mifuko ya watu, kwa hiyo mlipe vizuri na kwa wakati, hata siku anapokosea.

Unachimba kwa sababu uzito umebaki mguu wa kulia. Unataka kuuinua mpira kwa kuuchota, kama mtu anayepakua posho kwa mwiko. Aini haihitaji msaada huo, maana uso wake umeshalazwa kwa kazi hiyo. Wewe ishushe tu. Kwa mchezaji mzuri wa aini, fimbo hufika chini kabisa kama sentimita 10 mbele ya mpira. Chora mstari wa chaki kwenye nyasi, simama kana kwamba mpira uko juu ya mstari, upige bila mpira. Nyasi zing'oke upande wa mbele wa mstari. Ziking'oka nyuma, rudia, na usiweke mpira kwanza. Mvua za Novemba zitakuumbua zaidi, kwa sababu udongo ukilowa hausamehi.

Nishushe kwa kasi gani? (Jinja)

Kasi iwe kwenye mpira, si juu. Kwenu sheria ya uwanja iliwahi kuwaruhusu kuuokota mpira ulioangukia ndani ya unyayo wa kiboko. Mwenye pupa huko juu hana sheria ya kumwokoa.

Nina miaka 61. Naiga vijana wa Marekani wanavyozungusha nyonga, sasa kiuno kinauma. (Mbarara)

Acha leo, mzee wangu, na kiuno kikaonwe na daktari kabla hujagusa fimbo tena. Wale vijana wana watu wa kuwanyoosha viungo kila asubuhi. Wewe una kiti cha ofisi.

Ukiruhusiwa kurudi, muige Jack Nicklaus, bingwa wa zamani wa gofu wa Marekani. Alipoinua fimbo, kisigino cha kushoto kilinyanyuka, na aliposhusha alianza kwa kukikanyagisha chini. Ameshinda mataji makubwa 18 hivyo. Kisigino kikinyanyuka, nyonga hugeuka kwa urahisi na mgongo haukamuliwi.

Nimekutumia video kwenye WhatsApp, mbona hujajibu? (wengi)

Kwa sababu mnapigwa picha na rafiki aliyekaa kwenye kiti cha baa, chupa ya bia ikiziba miguu. Simu ikae nyuma yako, kwenye mstari wa kulenga, kimo cha mikono, miguu yote ionekane. Na iwe mapigo matatu mfululizo, likiwemo lile baya unalotaka kulifuta.